Vidonge vya Wanaosema Wameshiba

Juzi nimekabidhi funguo za stoo ya dawa kwa vijana wawili walionirithi, na kabla sijamaliza kuwaonyesha ni mlango upi unaotaka kupigwa teke ndipo ufunguke, wakaniomba niwaandikie niliyojifunza kazini. Nadhani walitarajia mambo ya vyeti. Vyeti viko nyumbani, mchwa wamevila pembeni, na sitavitaja tena. Nitaandika kuhusu dirisha la dawa, maana ndipo nilipokaa, na zaidi kuhusu dawa za maumivu, kwa sababu hakuna dawa zinazodharauliwa kama hizo. Mtu anayepewa dawa za kifua kikuu hukaa wima akasikiliza. Anayepewa ibuprofen ameshafika getini kabla sijamaliza kusema "baada ya chakula".

Nilianzia Wenje, kwenye zahanati yenye chumba cha dawa kidogo kiasi kwamba ukipiga chafya unaangusha chupa. Aliyenipokea alikuwa Mzee Komora, mtu mwembamba, mpole, aliyekuwa akigawa dawa tangu mimi niko shule, na ambaye hakuamini neno lolote aliloambiwa na mgonjwa. Asubuhi ya kwanza alinipa sinia ndogo ya kuhesabia vidonge na kisu butu cha plastiki cha kuvisogezea, akaniambia akiniona nahesabu kwa vidole nitarudi kwetu. Halafu akanipa bahasha ndogo za karatasi na kalamu. Kwa wasiosoma tulichora jua: linalochomoza, la utosini na linalozama. Mimi sina mkono wa kuchora. Jua langu la jioni lilifanana na yai la kukaanga, na wiki hiyo hiyo mama mmoja alirudi kuomba dawa nyingine kwa sababu, alisema, hii inataka mayai na kuku wake hawatagi.

Somo kubwa la Mzee Komora lilikuwa hili: usimuulize mtu kama amekula. Huku kwetu mtu akiulizwa kama amekula anajibu ndiyo, hata kama macho yameingia ndani, maana akisema hapana ni kama anaomba. Ni adabu tu. Kwa hiyo Mzee Komora aliuliza kwa njia yake.

"Umekula nini leo, baba?"

"Nimekula, daktari."

"Nini?"

"Strungi."

"Na nini?"

"Na sukari."

Strungi ni chai isiyo na maziwa, na tumbo haliijui kama chakula. Ibuprofen, diklofenak na jamaa zao hupunguza uvimbe na maumivu, hilo silikatai, nami mwenyewe nimezimeza mgongo ukinishika. Lakini huku zikituliza goti, zinapunguza ule ute unaolinda kuta za tumbo. Chakula hakiondoi hatari yote, ndiyo maana tunatoa dozi ndogo inayotosha, kwa siku chache zinazotosha. Ila kinapunguza kero, na mtu anayekula anakumbuka dawa yake. Mzee Komora pia alikuwa anamsimamia mgonjwa ameze kidonge cha kwanza pale pale kwa glasi nzima ya maji, kisha anamkalisha kwenye benchi. Watu wetu wanameza kwa mate, halafu wanajilaza. Kidonge kinakwama kooni na kuchoma huko huko, kesho wanarudi kusema wamelogwa shingo.

Baadaye nilihamishiwa Bura, na huko nikakutana na rangi. Pale kwenye skimu ya umwagiliaji usafiri ni pikipiki, na migongo ya wenye pikipiki inajua kila shimo la barabara ya mfereji. Siku moja alikuja kijana wa boda, miguu imevimba, uso umejaa, anataka dawa nyingine ya mgongo.

"Sasa hivi unameza ipi?" nikamuuliza.

"Hii yenu ya pinki, daktari. Na ya njano ya duka. Na hizi za mzee wa sokoni, ziko poa sana."

"Zote kwa pamoja?"

"Si ziko tofauti? Angalia rangi."

Niliziangalia. Ya pinki ilikuwa ibuprofen, ya njano diklofenak, na za mzee wa sokoni zilikuwa diklofenak tena, zimevuliwa nguo na kufungwa kwenye gazeti. Nilimweleza kwamba hawa ni ndugu. Ukimwalika mmoja nyumbani usimwalike na kaka yake, maana hawaji kukusaidia kazi, wanakuja kukumalizia figo. Na yeye alikuwa anashinda juani bila kunywa maji, jambo ambalo figo hazilipendi hata kidogo. Nikampeleka kwa tabibu mkono kwa mkono, akasimamishwa dawa zote tatu, akapimwa na kufuatiliwa mpaka uvimbe ukaisha. Alipona, akaniita "mama ukoo" mpaka nilipohama, na kila aliponipita barabarani alipunguza mwendo na kuninyooshea chupa yake ya maji nione.

Kwa hiyo dirishani nikawa na maswali yangu, na foleni ikawa inanichukia. Una vidonda vya tumbo? Una presha, figo, moyo? Pumu je, na iliwahi kukubana baada ya kumeza dawa ya maumivu? Wewe mama, una mimba? Unameza dawa gani nyingine, hata ile uliyopewa na jirani? Mwezi wa Ramadhani nikawa napanga dozi zifuate futari na daku, na ambaye yake haipangiki namrudisha kwa tabibu atafutiwe nyingine. Wengi walikuwa wananijibu kwa kuguna. Nikawa naandika miguno.

Sasa niingie kwenye kesi yenyewe, maana najua vijana mtaruka mpaka hapa. Nilikuwa nimeshahamia zahanati moja karibu na Garsen. Mwanzoni mwa kiangazi akaja mfanyabiashara wa ng'ombe, Barisa, anachechemea. Fahali alimpiga teke la goti akishushwa kwenye lori sokoni. Tabibu alimkagua, akaona mfupa uko salama, akamwandikia ibuprofen ya siku chache. Nikamuuliza maswali yangu, yote akajibu hapana, nikamwambia ale kwanza, ameze kwa maji mengi, asichanganye na nyingine.

"Nimeelewa, daktari," akasema, akaenda.

Aliporudi tabibu amtazame goti, midomo ilikuwa imekauka, na alipoinama dirishani tumbo lake liliunguruma mpaka mama aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akageuka kuangalia kama mvua inakuja.

"Umekula nini leo, Bwana Barisa?"

"Nimeshiba."

"Nini?"

Akatazama nyuma, akasogeza mdomo karibu na wavu wa dirisha.

"Daktari, mimi niko kwa wakwe."

Hapo nikaelewa nusu. Kwao mkwe hali mbele ya mama mkwe, na mama mkwe hali mbele ya mkwe. Hata kumsikia mwenzake akitafuna ni aibu. Nusu nyingine akanieleza mwenyewe, kwa shida. Mkewe Halima alikuwa amerudi kwa mamake, na yeye amekuja kumwomba warudi nyumbani. Baba yake Halima alishafariki, kwa hiyo shauri lilikuwa linamngojea mjomba wake, na mjomba alikuwa amefuata ng'ombe mbali, hajulikani atafika lini. Mpaka afike, Barisa alitakiwa akae pale pale, aonekane ana subira na haya. Akiondoka kabla ya mjomba, basi amekubali ameachwa.

"Si uende hoteli ule?" nikamwambia. "Garsen hoteli zimejaa."

Nilidhani atalia.

"Hoteli ndiyo imeleta haya yote," akasema. "Mimi nikiuza ng'ombe nakula na wenzangu hoteli. Nikifika nyumbani, Halima anapakua, mimi nasema nimeshiba. Kila siku nimeshiba. Akasema, kama chakula yangu hutaki, mimi unanitaka ya nini? Sasa nikionekana hoteli hata chai, imekwisha. Garsen yote inajua mimi."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Kwa mama mkwe hawezi kula, hotelini hawezi kula, na katikati anameza ibuprofen. Nilimwambia aache, tabibu ambadilishie paracetamol, ambayo hailisumbui tumbo hivyo. Akakataa katakata. Ile nyeupe, alisema, ni ya homa ya watoto, goti la mtu mzima halielewi. Nikajua nikimnyima ataenda dukani kununua ya pinki na ya njano, na nitakuwa na kijana wa boda mwingine, mkubwa zaidi na mwenye ng'ombe.

Sijamaliza kumfikiria, kesho yake asubuhi akaja bibi mmoja ninayemjua vizuri, Mama Halima. Ndiyo, mama mkwe mwenyewe. Alikuwa na magoti ya uzee, presha hana, figo nzima, na tabibu alikuwa akimpa diklofenak kwa vipindi vifupi pamoja na dawa ya kulinda tumbo, kwa sababu ya umri wake. Aliniletea bahasha, akaomba ile ya njano. Tumbo lake likaunguruma.

"Umekula nini, mama?"

"Nimeshiba, mwanangu."

"Mama Halima. Nini?"

Akavuta mtandio mpaka puani. "Kuna mtu ananyoosha mguu yake mbele ya jiko yangu kutwa nzima," akasema. "Mimi nitakula wapi? Nikitoka, yuko. Nikirudi, yuko. Nangoja aende akale, haendi. Huyo mtu hali. Sijui ni mtu gani."

Basi nikawa na wagonjwa wawili kutoka boma moja, kila mmoja anashinda njaa kwa kumstahi mwenzake, kila mmoja anameza dawa juu ya tumbo tupu, na siri ya mgonjwa mmoja siruhusiwi kumpa mwingine. Nilienda stoo nikafunga mlango, nikacheka peke yangu nikiwa nimeshika rafu ya dawa za minyoo. Kisha nikaacha kucheka, maana tumbo la mtu wa umri wa Mama Halima likianza kuvuja damu halina mzaha. Unaanza kuona choo cheusi kama lami, na kutoka pale kwetu hadi hospitali ni mwendo.

Nikaamua hivi. Wagonjwa wa kifua kikuu tulikuwa tunawamezesha dawa mbele ya macho yetu, kidonge kikipita tunaona. Nikasema hawa wawili watakula mbele ya macho yangu. Vidonge vyao nikabaki navyo mimi, na asiyekula hapati. Mama Halima nikamweka chumba cha nyuma chenye pazia, aje mapema, atoke kabla ya adhuhuri. Barisa akaambiwa aje baada ya adhuhuri, benchi la mbele. Tabibu alisema huo si utaratibu wa wizara. Nikamwambia wizara haijawahi kuwa na mama mkwe.

Ilibaki chakula. Mama Halima alimwagiza binti yake amletee kwa daktari, bila maelezo. Kwa Barisa ikabidi nimwombe ruhusa nimwambie mkewe jambo moja tu, kwamba dawa ya mumewe inataka chakula. Alikubali akiangalia chini. Halima alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno. Nilipomwambia, akatua sufuria ya mamake.

"Aende hoteli yake."

"Haendi. Tangu aje hajakanyaga."

"Nani alimwona?"

"Mimi nimesikia tumbo lake, mama. Lile tumbo halijaona hoteli."

Siku iliyofuata Halima alikuja na sufuria mbili, moja ya asubuhi, nyingine ya mchana, na ile ya mchana aliibwaga kwenye benchi kwa kishindo kisha akasimama, mikono kiunoni, amwone akila. Barisa akala wali na maziwa kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Alipomaliza alitaka kusema nimeshiba, nikaona neno linafika kwenye meno, akalimeza. Nikampa kidonge na glasi ya maji.

Hivyo tukaenda, na magoti yote yakawa yanapungua uvimbe. Mama mkwe hajui mkwe anakula wapi. Mkwe hajui mama mkwe anakula wapi. Kila mmoja aliniambia kwa faragha kwamba yule mwingine lazima ana matatizo.

Mpaka siku ambayo kuni za Halima zilikataa kuwaka. Alichelewa na chakula cha asubuhi, akaamua kuleta vyote pamoja. Mama Halima ndiyo kwanza ameingiza mkono kwenye sahani nyuma ya pazia, adhuhuri ikafika, na Barisa huyo, anachechemea kidogo tu, anakuja kwenye benchi. Benchi lenyewe limeegemea ukuta ule ule wa pazia. Nikatoka kumzuia.

"Ngoja kidogo nje, Bwana Barisa."

"Daktari, leo njaa ni mbaya," akasema, akakaa. Nyuma ya pazia mtu akapaliwa na wali, akakohoa.

"Nani huyo?"

"Paka," nikasema.

"Paka anakohoa?"

"Ana pumu. Ndiyo maana hatumpi ibuprofen."

Halima, aliyekuwa akipakua, akageuza uso ukutani, mabega yakitikisika. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona hivyo. Akampa mumewe sahani. Barisa akala, na alikuwa na njaa ya kweli, akala kwa sauti, akala mpaka wali uliokauka chini ya sufuria. Nami nikijua ni nani aliyeketi upande wa pili akisikia kila tonge, jasho likanitoka. Halima akamuuliza, bila kumtazama, kama ameshiba.

"Bado," Barisa akasema. "Ongeza."

Halima akasimama na kijiko hewani. Sijui ni miaka mingapi alikuwa hajasikia neno lile. Alimwongezea taratibu.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Daktari. Maji."

Lilikuwa kosa langu la utaratibu. Kidonge nilishamwachia, na jagi la maji lilikuwa mbele, juu ya benchi, karibu na kiwiko cha Barisa. Na mimi ndiye niliyemfundisha asimeze bila glasi nzima.

Barisa aliijua sauti. Akajifunika kichwa kwa shuka, sahani juu ya mapaja, akawa fungu la nguo lenye miguu miwili. Kisha akaanza kuinuka akimbie.

"Kaa," nikamwambia. "Hujameza, na hilo goti halijapewa ruhusa ya kukimbia."

"Daktari," sauti ikasema tena, "mwambie huyo mtu asiende."

Nikamwambia. Alikuwa hatua mbili kutoka kwake, lakini nikamwambia.

"Mwambie mama yangu," fungu la nguo likajibu, "mimi sina uso."

"Mwambie mimi naangalia ukuta. Sijaona uso wala sahani. Lakini masikio hayana mfuniko. Nimesikia amesema bado."

"Amesikia umesema bado," nikasema.

"Ni kweli. Nimesema."

Nikapitisha glasi ya maji chini ya pazia. Tulimsikia akimeza, polepole, mpaka mwisho. Kisha akashusha pumzi ya mtu aliyebeba mzigo kutoka mbali.

"Mwambie hivi: mjomba akija nitamwandalia chai, tutaongea habari za ng'ombe tu. Na mwambie huyo mtu, kama binti yangu anakubali, kesho amchukue wende zao. Mimi nimechoka kulala njaa nyumbani kwangu."

Hakuna aliyecheka. Wote tukamwangalia Halima, pamoja na fungu la nguo, ambalo lilikuwa limefungua tundu dogo la jicho. Halima alikuwa anakusanya sufuria. Alizipanga, akazifunika, akazifunua tena. Nilitamani sana akubali, nakiri, na haikuwa kazi yangu kutamani.

"Daktari," akasema, "vidonge vyake vimebaki?"

"Vya siku mbili. Visizidi hapo bila kuonana na tabibu. Tumbo likimuuma au choo kikiwa cheusi, anaacha siku hiyo hiyo, mnakwenda hospitali."

"Nipe mimi."

Nilimtazama Barisa. Dawa ni ya mgonjwa, si ya mke. Shuka likatikisa kichwa kukubali, nikampa Halima bahasha. Akaifunga kwenye pindo la mtandio, mafundo mawili.

"Hii nitakaa nayo mimi," akamwambia mumewe. "Sahani ikiwa tupu, nitakupa. Sahani ikirudi na wali, hupati."

Barisa akashusha shuka mpaka mabegani. Nywele zilikuwa na punje za wali.

"Na goti likipona?" akauliza.

"Utakula hivyo hivyo."

Barisa akafikiri kidogo, kisha akanyoosha sahani aongezewe.